Chai ya Kijani: Faida Zake Mwilini na Mipaka Yake

Kila tunapozungumzia lishe katika vipindi vyetu vya afya, suala la chai ya kijani halikosi kujitokeza. Je, inashusha presha? Inaondoa kitambi? Inazuia saratani? Wapo wanaoinywa kwa kupenda ladha yake. Wapo pia walioambiwa na wauzaji kwamba wakiizoea wataachana na vidonge vya presha au vya sukari. Kwa sababu ya hao wa pili, tumeona tueleze kwa kina kinywaji hiki kinafanya nini mwilini, na nini hakiwezi kufanya.

Chai ya kijani ni nini?

Wengi hudhani inatokana na mmea wa pekee. Sivyo. Chai ya kijani na chai nyeusi tuliyoizoea hutoka katika mmea mmoja, ule ule unaolimwa Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara, na kwa jirani zetu wa Kenya kule Kericho na Nandi. Mchaichai, licha ya jina lake, ni mmea mwingine kabisa.

Tofauti huanzia kiwandani. Majani ya chai nyeusi hunyaushwa, husagwa au kusokotwa, kisha huachwa yapigwe na hewa hadi yabadilike kuwa ya kahawia. Majani ya chai ya kijani hupashwa moto mapema: Wajapani hutumia mvuke, na Wachina kwa kawaida huyakaanga kwenye karai. Joto hilo huyazuia yasibadilike, na ndiyo maana kemikali za asili ziitwazo katekini hubaki kwa wingi. Katekini ni miongoni mwa viambato vinavyosaidia kulinda seli za mwili zisiharibiwe.

Utafiti unaonyesha nini?

Utafiti mmoja mkubwa ulifanyika kaskazini mwa Japani kuanzia mwaka 1994, ukifuatilia watu 40,530 wenye umri wa miaka 40 hadi 79. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Waliokunywa vikombe 5 au zaidi kwa siku walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu kwa kiwango cha chini kuliko waliokunywa chini ya kikombe kimoja: pungufu kwa asilimia 22 kwa wanaume na asilimia 31 kwa wanawake. Kwa vifo vya saratani, haikuonekana tofauti ya maana.

Hata hivyo, utafiti wa aina hiyo hutazama maisha ya watu jinsi walivyo. Hauwezi kuthibitisha kwamba ni chai pekee iliyowalinda, kwa kuwa ulaji wao na mwenendo wao mwingine navyo huchangia.

Majaribio mengine yameonyesha kuwa chai ya kijani hupunguza kidogo lehemu mbaya na presha. Neno la kushika hapo ni "kidogo". Kuhusu unene, uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliotolewa mwaka 2012 ulikuta kwamba uzito unaopungua ni mdogo mno kuleta nafuu ya kiafya.

Namna ya kuinywa ili ikufae

Usiinywe pamoja na mlo. Chai, ya kijani hata nyeusi, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha na mboga nyingine. Subiri angalau saa moja baada ya kula. Hili ni muhimu zaidi kwa wajawazito na kwa mtu yeyote mwenye upungufu wa damu.

Iache ipoe kidogo. Mwaka 2016, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa vinywaji vya moto kupita nyuzi joto 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Tatizo hapo ni moto wenyewe, si majani.

Punguza sukari. Vikombe 3 vyenye vijiko 2 vya chai kila kimoja ni vijiko 6, takribani gramu 25. Kwa mtu mzima, hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri tusikivuke kwa siku nzima. Ukiona ni chungu, loweka majani kwa dakika 2 au 3 tu, katika maji yaliyoacha kuchemka.

Kumbuka kafeini. Ipo, ingawa ni pungufu kuliko ya kahawa. Wajawazito na wanaokosa usingizi wanywe kwa kiasi.

Jihadhari na vidonge na unga

Chai ya kikombe ni salama kwa watu wengi. Vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa ni jambo jingine. Mwaka 2018, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kuwa miligramu 800 au zaidi za katekini kwa siku kutoka katika bidhaa hizo zinaweza kudhuru ini. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi, acha kutumia na uende hospitali mara moja.

Chai hii pia huweza kuingiliana na dawa. Hupunguza nguvu ya nadolol, mojawapo ya dawa za presha, na ikinywewa kwa wingi inaweza kuathiri warfarin, dawa inayozuia damu kuganda. Mwambie daktari au mfamasia kwamba unaitumia.

Na tunasisitiza: usiache dawa kwa sababu ya chai. Presha ya juu mara nyingi haiumi, hivyo aliyeacha vidonge anaweza kujiona mzima hadi siku anapopata kiharusi. Furahia kikombe chako, na vidonge vyako umeze kama ulivyoandikiwa.