Kusimamisha hedhi kwa dawa za uzazi wa mpango

Katika kata ya Gikundamvura, wilayani Rusizi, kama kwingineko nchini Rwanda, washauri wa afya hufikisha vijijini vidonge na sindano za uzazi wa mpango. Mwanamke anayechoma sindano ya miezi mitatu huenda akaona hedhi ikipungua, kisha ikakatika. Baada ya mwaka mmoja, takriban nusu ya watumiaji hawaoni damu. Hofu ya kwamba damu hujikusanya tumboni haina msingi. Homoni huuacha ukuta wa ndani wa mji wa mimba ukiwa mwembamba, basi hakuna kinachobaki cha kutoka.

Kwa watumiaji wa vidonge vyenye homoni mbili, damu ya wiki ya mapumziko si hedhi halisi. Waliobuni kidonge hicho, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1960, waliiga tu mwezi wa kawaida. Kuunganisha pakiti bila mapumziko kunakubalika kitabibu, na ni nafuu kubwa kwa anayepungukiwa damu kutokana na hedhi nzito.

Hata hivyo, si kila dawa inamfaa kila mtu. Sindano hupunguza uimara wa mifupa kwa muda na huchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuachwa, jambo zito kwa anayetaka mtoto karibuni. Vidonge hivyo havimfai mwenye shinikizo la damu. Vijiti vya mkononi, kinyume cha matarajio, huweza kuleta matone yasiyo na mpangilio.

Aliyekatikiwa hedhi bila kutumia dawa yoyote apimwe, kwanza mimba.