Sauti Iliyofunzwa: Habari za Siti binti Saad

Sisi tukaao Ilembula, katika nchi ya Wabena, tumezoea kusikia kwaya kanisani, nasi twajua kwamba sauti za wanaume si namna moja. Iko nyembamba, iko nzito, na katikati yake iko ile ambayo watu wa Ulaya huiita baritoni. Huko kwao mwenye sauti hiyo akitaka kuimba katika opera, yaani mchezo ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, hukaa kwa mwalimu miaka mingi. Hufundishwa kuvuta pumzi, kutamka lugha za kigeni, na kuifikisha sauti yake nyuma ya jumba, ipite juu ya vinanda vyote. Wengi wetu wakisikia hayo hudhani ya kuwa kuisomea sauti ni jambo la Wazungu tu. Sivyo. Twataka kueleza habari za mwanamke wa Unguja aliyeisomea sauti yake, wala hakujua kusoma wala kuandika.

Alizaliwa Fumba, shamba la Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake asili yake Mnyamwezi, mama yake Mzigua; watu wa bara kama sisi, waliofikishwa pwani na biashara ya watumwa. Mtoto akaitwa Mtumwa. Sheria ya kufuta utumwa katika Unguja ilitoka mwaka 1897, lakini jina sheria haikuliondoa. Kazi ya watu wa kwao ilikuwa kufinyanga vyungu, naye alivichukua akavitembeza akiviuza, huku akiimba ili watu wajue anapita. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilisikika mbali kabla ya yeye mwenyewe kuonekana. Basi hilo lilikuwa darasa lake la kwanza, maana mchuuzi ambaye sauti yake haifiki hurudi na vyungu vyake.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mtu wa chama cha taarab kiitwacho Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Kabla ya hayo taarab ilikuwa burudani ya jumba la Sultani. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, na nyimbo zilizoimbwa zilikuwa za Kiarabu. Ali Muhsin alimfundisha mwanamke huyu namna ya kuimba na kufuatana na vyombo. Tufikiri kidogo ugumu wa kazi hiyo. Mwanafunzi hana daftari; mwalimu husema, naye hurudia, mpaka maneno ya lugha isiyo yake yakae kichwani na ulimi uyatamke sawasawa. Anayeimba kwa kutazama karatasi ana mahali pa kurudi akisahau. Yeye hakuwa napo.

Akapata jina jipya: Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Akaimba pamoja na Subeti bin Ambari, Mbaruk, Buda bin Mwendo na Maalim Shaaban, akaalikwa katika nyumba za wakubwa na matajiri. Hapo husuda ikaamka. Ukatungwa wimbo wa kumsimanga, kwamba alitoka shamba na vyungu vyake, na kwamba bila ya kuimba asingehesabiwa mtu. Siti hakugombana. Alijibu kwa wimbo wake kwamba uzuri wa sura na ukoo si kitu mbele ya akili. Sisi twaona jibu hilo lilikuwa na nguvu kwa kuwa lilitoka katika kinywa kilichofunzwa. Mtu mwingine angelisema vivyo hivyo na watu wangelicheka.

Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, Bara Hindi, kutia nyimbo katika sahani za santuri za kampuni ya HMV. Sahani hizo zilienea Afrika Mashariki, na nyingi zilikuwa za Kiswahili. Neno hili ni kubwa kuliko safari yenyewe. Kiarabu cha majumbani wachache walikielewa, bali Kiswahili kilifahamika na mpishi, na mchukuzi, na mama aliyekaa mlangoni. Tena Siti hakuimba mapenzi peke yake. Mmoja wa nyimbo zake mashuhuri ni habari ya Kijiti, mtu aliyemwua mwanamke mwenye mimba akatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa kwa ajili ya pombe. Waliokuwa na uchungu wa hukumu ile, wala hawana mahali pa kuusema, waliusikia ukiimbwa katika santuri.

Siti alifariki Julai 1950. Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, aliandika wasifu wake, na kwa kitabu hicho wanafunzi wa mahali pengi wamemjua mwanamke ambaye hawakupata kumwona.

Huko Unguja palikuwa na msichana mmoja, Fatuma binti Baraka, aliyependa kumsikiliza Siti akiimba. Alizishika nyimbo kwa sikio, kama vile Siti mwenyewe alivyozishika za Ali Muhsin. Huyo ndiye Bi Kidude, aliyeimba katika nchi nyingi za dunia mpaka uzee mkubwa, akafariki Aprili 2013.