Hati ya Kutokuwa na Ndoa: Ushuhuda Uliotoka Mikononi mwa Mchungaji

Kijana wa usharika anapotaka kufunga ndoa ng'ambo, huagizwa alete hati inayothibitisha kwamba hajaoa au hajaolewa, nayo iwe imepigwa mihuri ya ofisi kadhaa. Wachungaji wengi huiona kazi hiyo kuwa ya serikali tu. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba hati hiyo ilizaliwa ndani ya Kanisa, tena kwa ajili ya kumlinda mke aliyeachwa nyumbani.

Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, uliagiza ndoa zitangazwe kanisani kabla ya kufungwa, ili mwenye kujua kizuizi akiseme. Utaratibu huo ulifaa pale ambapo watu walifahamiana. Lakini tangazo lina faida gani kwa mgeni, ambaye hakuna msikilizaji hata mmoja amjuaye? Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulilitazama jambo hilo waziwazi. Katika amri yake juu ya ndoa imo sura inayohusu watu wasio na makao, waliomwacha mke wa kwanza na kuoa wengine mahali pengine angali hai. Mapadre walikatazwa kuwafungisha ndoa watu hao pasipo uchunguzi wa makini na ruhusa ya mkuu wao.

Kwa upande wetu, Luther alikwisha kuandika juu ya hatari iyo hiyo. Kijitabu chake cha ndoa cha mwaka 1529 kinawapa wachungaji utaratibu wa kuwatangaza wachumba mimbarini, na mwaka 1530 alizipinga posa za siri. Aliihesabu ndoa kuwa jambo la kidunia, lililo chini ya watawala. Hata hivyo hakumwondolea mchungaji wajibu wa kuuliza.

Wajibu huo haukushikwa mahali popote kwa bidii kuliko Uswidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686 iliwaagiza wachungaji kuandika vitabuni waliozaliwa, waliooana, waliokufa, waliohamia na waliohama. Aliyehama alichukua cheti cha mchungaji wake. Humo iliandikwa kama anaijua Katekisimu, kama hushiriki Meza ya Bwana, na kama yu huru kuoa au kuolewa. (Wanafunzi wetu wanaonung'unikia daftari za usharika wangefaa kuziona zile!) Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20 zaidi ya Waswidi milioni moja walivuka bahari kwenda Amerika, na wengi walikuwa na karatasi hiyo. Miongoni mwa wahamiaji hao iliundwa Sinodi ya Augustana mwaka 1860, ambayo katika miaka ya 1920 ilituma wamisionari wake Iramba. Kanisa la Uswidi liliendelea kuandikisha watu kwa niaba ya serikali hadi tarehe 1 Julai 1991.

Kwingineko serikali zilitangulia kuichukua kazi hiyo. Ujerumani yote iliwekewa ndoa ya kiserikali mwaka 1875. Mapatano ya The Hague ya mwaka 1902 yalimtaka mgeni athibitishe kwamba anatimiza masharti ya sheria ya kwao. Mapatano mengine ya The Hague, ya mwaka 1961, yalifupisha safari ya mihuri: kwa nchi zilizoyakubali, cheti kimoja kinatosha badala ya hati kupita ofisi hadi ofisi na kuishia ubalozini. Lakini tuangalie cheti hicho husema nini. Huthibitisha saini, cheo cha aliyesaini na muhuri wake. Juu ya ukweli wa maneno yaliyoandikwa, hakisemi neno.

Hapo ndipo penye uzito kwetu Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hudai taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, na huzitambua pia ndoa za kimila na za Kiislamu, ambazo nyingi hazimo daftarini. Tena waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kuwa mume na mke hudhaniwa kisheria kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Basi karani akipekua daftari asione jina, amethibitisha kwamba halikuandikwa; hajathibitisha kwamba hakuna mwanamke kijijini anayemngoja mumewe na watoto. Anayeweza kulijua hilo ni jirani, mzee wa kanisa, na mara nyingine mchungaji.

Niliwahi kuombwa barua ya namna hiyo na kijana niliyembariki kwa kipaimara, ambaye sikumwona tena kwa miaka sita. Babaye aliketi karibu naye, akisisitiza kwamba tarehe ya harusi imekwisha kupangwa huko Ulaya. Niliandika kwamba namfahamu kuwa hakuwa na mke hadi mwaka aliohama usharika wetu, na kwamba kwa miaka iliyofuata aulizwe mchungaji wa mjini alikokaa. Baba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaniuliza jina la mchungaji huyo. Kijana hakulijua.