Kampuni ya Magari ya Jordan, 1916–1931: Historia Fupi

Kampuni ya Magari ya Jordan iliasisiwa mwaka 1916 katika jiji la Cleveland, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Mwasisi wake, Edward S. Jordan, alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kusimamia matangazo ya kampuni ya Thomas B. Jeffery, iliyotengeneza magari huko Kenosha, Wisconsin. Ingawa kampuni yake ilidumu miaka 15 tu, na kwa wingi wa magari haikuwahi kuikaribia Ford, inakumbukwa hadi leo kwa kuwa iliuza gari kwa kumchorea mnunuzi maisha anayoyatamani badala ya kumhesabia sifa za injini.

Mwelekeo huo ulitokana na namna magari yenyewe yalivyoundwa. Jordan lilikuwa gari la kuunganishwa, yaani gari ambalo sehemu zake kuu hununuliwa kwa watengenezaji mbalimbali, kisha hukusanywa katika kiwanda kimoja; injini, kwa mfano, zilitoka kampuni ya Continental, iliyoziuzia pia kampuni nyingine za magari. Kwa hiyo, kilicholipambanua Jordan na magari ya washindani kilikuwa hasa umbo, rangi, jina na maneno ya tangazo. Katika kipindi ambacho Model T ya Ford ilipakwa rangi nyeusi pekee, kuanzia 1914 hadi 1925, wateja wa Jordan waliweza kuchagua miongoni mwa rangi kadhaa zilizopewa majina ya mvuto, na gari la wazi lililotolewa mwaka 1919 likaitwa Playboy, jina lililotokana na tamthilia ya John Millington Synge wa Ayalandi.

Tangazo lililoipa kampuni umaarufu wa kudumu lilichapishwa Juni 1923 katika jarida la kila wiki la Saturday Evening Post. Inasimuliwa kwamba Jordan, akipita kwa treni katika nyanda za Wyoming, alimwona msichana aliyepanda farasi akishindana mbio na treni, naye alipomuuliza msafiri mwenzake walikuwa wamefika wapi, akajibiwa kuwa walikuwa mahali fulani magharibi ya Laramie. Jibu hilo ndilo lililokuja kuwa kichwa cha tangazo. Tangazo hilo, lililoandikwa na Jordan mwenyewe, halikutaja bei wala nguvu za injini, bali lilisifu uhuru na mwendo kasi, huku mchoro wake ukimweka mwanamke kwenye usukani, akikimbizana na mpanda farasi.

Hata hivyo, tangazo halikuweza kufidia kasoro za biashara yenyewe. Mwaka 1927 kampuni ilitoa Little Custom, gari dogo lakini la kifahari, ambalo halikupata soko la kutosha, kwa kuwa wanunuzi wengi wa Marekani walitarajia gari dogo liwe pia la bei nafuu. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 uliwapunguza wanunuzi wa magari ya anasa, na kampuni, isiyokuwa na mtaji mkubwa wa kuhimili hasara, ikafungwa mwaka 1931. Jordan alifariki mwaka 1958, wakati ambapo kumwuzia mteja ndoto kabla ya chombo kulikwisha kuwa desturi ya kampuni kubwa zilizoishinda yake.