Magoli Kumi na Tano ya Siku Moja

Je, mechi huuzwa? Tazama yaliyotokea mwaka 2016. Katika Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora waligombea kupanda Ligi Kuu. Siku ya mwisho, Geita waliifunga JKT Kanembwa magoli 8 kwa 0. Polisi wakaifunga JKT Oljoro 7 kwa 0. Kamati ya nidhamu ya TFF ikazihukumu timu zote nne kwa kupanga matokeo, ikazishusha daraja. Nafasi wakapewa Mbao wa Mwanza. Geita walikuja kupanda mwaka 2021, na msimu huo wakamaliza wa nne. Basi tuwafunze vijana wetu: auzaye mechi humdhulumu aliyelipa kiingilio, na mwenzake achezaye kwa haki. Subira ingewafikisha bila ya aibu.