Kuni za Usiku wa Julai

Wageni wanaofika Njombe mwezi wa Julai hudhani tunatia chumvi tunapowasimulia habari za baridi, mpaka jua linapotua. Mji uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Makete na Kitulo nchi inazidi kupanda. Huko umande huganda usiku na kubabua majani ya viazi kana kwamba moto umepita shambani. Kwa watu wa nchi hii kuni hazikuwa za kupikia tu, zilikuwa blanketi. Nimeona niandike jinsi zilivyochaguliwa, na jinsi ujuzi huo ulivyotuponyoka, kwa kuwa mimi mwenyewe nilishiriki katika kuupoteza.

Bibi aliyenilea hakujua kusoma, lakini sikumwona akikosea kuni. Aligonganisha vipande viwili. Vikitoa mlio mkali alivitwaa, vikitoa mlio mzito kama wa gunia lililopigwa fimbo alivitupa. Alitazama ncha kama zina nyufa. Kisha alipima uzito mkononi, na hapo ndipo sisi watoto tulipochanganyikiwa, maana alitaka mti mzito, na bado kuna mizito aliyoikataa. "Huu ni uzito wa maji, mjukuu wangu. Rudisha." Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, nilijifunza kwamba mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na kwamba moto hulazimika kuyageuza maji hayo yote kuwa mvuke kabla ya kumpa mtu joto. Nilipata alama nzuri katika mtihani ule. Sikumkumbuka bibi hata kidogo.

Kuni za jioni hazikuwa kuni za usiku. Za kuwashia zilikuwa mianzi mikavu, nayo aliipasua kwanza, kwani pingili nzima ikishika moto hulipuka kama bunduki. Za kupikia zilikuwa nyembamba. Za usiku lilikuwa gogo moja nene, lililosukumwa kidogo kidogo kati ya mafiga na kufunikwa majivu, hata alfajiri kijinga kikawa bado kinapumua.

Mti aliouthamini kuliko yote kwa gogo la usiku haukuwa wa kwetu. Ulikuwa muwati. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Australia. Mbegu zilipelekwa Natal, Afrika Kusini, mwaka 1864, na Kenya mwaka 1903. Kwetu ulipata nguvu baada ya mwaka 1949, ilipoanzishwa kampuni ya miwati ya Tanganyika chini ya Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Waingereza. Waingereza hawakuwa na haja na joto letu. Walitaka magome, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Miwati ilivunwa ikiwa na umri wa miaka 8 hadi 10 hivi, na wananchi nao wakapanda vishamba vyao ili wauze magome. Gogo lililobaki, jeupe, lililokwisha kuvuliwa nguo, halikuwa na bei kubwa. Lakini mti uliomenywa hukauka upesi kuliko wenye magome, na muwati ni mti mgumu wenye makaa ya kudumu. Basi viatu vya Ulaya vikatuachia kuni bora kuliko zote tulizopata kuwa nazo.

Wakati huohuo nyumba zenyewe zilikuwa zinabadilika. Nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, moto katikati, mahindi darini yakikaushwa na moshi uleule uliotutoa machozi. Moshi ulipenya katika nyasi na kutoka. Yalipokuja mabati, na hasa tulipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1974 na 1975, watu walijenga nyumba mpya kwa mistari, na jiko likawekwa kibanda cha nyuma. Sisi walimu tulilihubiri jambo hilo kama usafi na maendeleo, na kwa macho na mapafu ya akina mama lilikuwa na manufaa yake. Ila hatukuuliza joto litakaa wapi. Bati usiku ni barafu. Mtu akawa anapika nje na kulala ndani bila moto, na baridi ilipomzidi akaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha.

Mkaa hautoi moshi wa kuwasha macho, ndiyo maana watu huuamini. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huona usingizi tu.

Mwaka 1987 nilikuwa mkuu wa shule ya sekondari yenye bweni katika nyanda hizo. Kuni za shule zilinunuliwa kwa lori, na mwezi wa Mei nilikubali bei ya chini kuliko zote. Zililetwa misindano, ambayo vijana wa sasa huiita mipaina, mibichi, imekatwa mara tu mvua zilipokoma. Mpishi wetu, mzee mwenye miaka mingi kazini, alikuja ofisini akasimama mlangoni. "Mwalimu, kuni hizi zinalia." Nilimjibu kwamba kila kuni huungua mwishowe. Kuni za Julai hukatwa Septemba na kuwekwa chini ya paa kabla ya mvua za Novemba. Hilo alilijua yeye, nami nililijua tangu utotoni.

Desturi ilikuwa wanafunzi kuota moto jikoni baada ya masomo ya jioni. Mwaka ule jikoni hakukukalika kwa moshi wa utomvu. Usiku mmoja wa Julai wavulana wanne wa kidato cha pili walichota makaa katika karai, wakaliingiza katika chumba chao cha bweni, wakaziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia. Mwenzao aliyekuja kuazima daftari ndiye aliyewaokoa. Tuliwalaza nje kwenye majani yenye umande. Watatu walizinduka mapema. Wa nne alizinduka siku ya pili hospitalini, na muhula ule wote alikuwa akisahau majina ya wenzake.

Katika taarifa yangu niliandika kwamba wanafunzi walivunja kanuni ya kutoingiza moto bwenini. Ilikuwa kweli. Walipopona niliwapa adhabu mbele ya shule, viboko vitatu kila mmoja, na wazazi wao wakanishukuru kwa malezi. Habari za lori la kuni sikuziandika, na mpishi hakuulizwa.

Nilipostaafu nilijenga sebule yenye meko ya matofali ya kuchoma na dohani ndefu. Fundi alicheka, akaniuliza kama nimekuwa Mzungu. Kuni nanunua Septemba, za muwati, ingawa sasa si rahisi kuzipata. Wengi wamepanda miparachichi, na kampuni yenyewe mwaka 1995 ilifunga mtambo wa megawati 2.5 wa kuzalisha umeme kwa kuchoma kuni. Kila kipande nakigonga kabla ya kulipa, na wauzaji wananifahamu kwa usumbufu huo.

Yule wa nne ni mtu mzima mwenye wajukuu. Hunipitia akija mjini, hukaa karibu na meko na kusema nyumba yangu ina joto zuri. Huniita Mwalimu. Mara mbili nimeanza kumweleza habari za misindano ile, na mara zote mbili nimeishia kumwongezea chai.