Mtu wa Mti: Gogo la Kungfu Kutoka Foshan Hadi Ghorofani

Katika filamu ya Jackie Chan ya mwaka 1976, Shaolin Wooden Men, kuna ujia mwembamba uliojaa watu wa mti wanaorusha ngumi na mateke. Mwanafunzi asiyeweza kuwapita hahitimu. Hiyo ni ngano ya hekalu la Shaolin mkoani Henan, China, na wasimulizi huwahesabu watu hao 108. Tuiache ngano mahali pake. Mtu wa mti tunayemjua vizuri zaidi ni wa kusini, mkoani Guangdong, ambako wasemaji wa Kikantoni humwita muk yan jong, yaani nguzo ya mtu wa mti.

Katika mtindo wa Wing Chun, yeye ni gogo la mviringo lenye urefu wa takribani mita moja na nusu, mikono mitatu na mguu mmoja uliopinda. Mikono miwili iko juu, wa tatu uko usawa wa tumbo, na mguu humnyima mwanafunzi nafasi ya kukanyaga ovyo. Hapa nguvu si hoja. Kinachofundishwa ni pembe: kuingia kwa ubavu, mkono mmoja ukizuia huku mwingine ukipiga. Mikono ya gogo haikazwi sana kwenye matundu yake, hivyo kila pigo hulia. Mwalimu mzoefu hulisikia kosa kabla ya kuliona.

Choy Li Fut, mtindo ulioasisiwa na Chan Heung mwaka 1836 katika mkoa huohuo, una magogo ya aina nyingi, mengine yakiwa na viungo vinavyozunguka vikipigwa.

Walimu wa Wing Chun husimulia kwamba sanaa yao ilihifadhiwa na waigizaji wa opera waliosafiri mitoni kwa mashua nyekundu. Waigizaji wa Guangdong hawakupigana jukwaani tu. Mwaka 1854 mmoja wao, Li Wenmao, aliwaongoza wenzake kuuasi utawala wa Qing. Serikali ilijibu kwa kuteketeza nyumba ya chama chao mjini Foshan na kupiga marufuku opera ya Kikantoni. Mjini humohumo, tabibu Leung Jan alimfundisha Wing Chun mbadili fedha Chan Wah-shun, naye Chan akamfundisha kijana aliyezaliwa mwaka 1893: Ip Man.

Foshan ilikuwa na nyua, na gogo lilichimbiwa ardhini kama nguzo ya nyumba. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaisha kwa ushindi wa Wakomunisti mwaka 1949, na Ip Man, aliyewahi kuwa polisi, akakimbilia Hong Kong. Mwaka 1950 alianza kufundisha kwenye chama cha wafanyakazi wa migahawa. Mji ulifurika wakimbizi, watu wakiishi na kufanya mazoezi katika vyumba finyu vya ghorofani. Sakafu ya saruji haichimbiki. Ndipo gogo likaning'inizwa kwenye mbao mbili nyembamba zilizolazwa na kufungwa ukutani.

Dhiki hiyo ilizaa faida. Mbao hunepa, gogo likisukumwa hurudi, na mwanafunzi hulazimika kupokea jibu la pigo lake mwenyewe. Mmoja wa wanafunzi wa Ip Man, Bruce Lee, alikwenda Marekani na huko akatumia gogo lililorekebishwa kwa matakwa yake.

Mwaka 1972, akiwa mgonjwa na amekonda, Ip Man alirekodiwa kwa kamera akilifanyia gogo mazoezi yake. Alifariki Desemba mwaka huohuo akiwa na miaka 79.

Leo magogo huuzwa pamoja na fremu yenye mbao mbili, na hata mwenye uwanja mpana nyuma ya nyumba huliweka lake hivyo hivyo. Anayelipiga anafanya mazoezi, ajue asijue, katika chumba cha mkimbizi.